Nyama Iitwayo Mama Mkwe

"Usipokee" anapiga.

Ndivyo nilivyomsevu kwenye simu yangu. Usipokee. Mwaka mmoja na miezi miwili jina hilo halikuwahi kuwaka, halafu asubuhi ya Jumatatu, mimi niko na kikombe cha chai mkononi na buti moja tu mguuni, likawaka. Simu ikatetemeka juu ya meza. 

Nikapokea. Jamani, nani asingepokea?

"Daktari," akasema.

Daktari! Mtu aliyekuwa ananiita roho yangu, leo mimi ni daktari.

"Nani mwenzangu?" nikauliza, kama vile simjui.

"Ni mimi."

"Mimi nani? Akina mimi wako wengi."

Akashusha pumzi. Nilimsikia. Ile pumzi yake naijua hata nikiwa usingizini.

"Ni Chokaa," akasema. "Alijikata na waya wa uzio, mguu wa nyuma. Wiki ya saba hii. Nyama imeota juu ya kidonda, inapanda tu, kila dawa tumeweka. Daktari aliyekuja juzi kasema mwisho wa mwezi ukifika iko hivi hivi, tumchome sindano apumzike."

Chokaa ni farasi jike, mweupe pee, na jino lake bovu ndilo lililonikutanisha na kijana huyu. Nilikwenda kung'oa jino, nikarudi na mchumba. Basi niliposikia habari ya sindano, moyo ulinishuka mpaka kwenye lile buti moja. Lakini sauti sikuishusha.

"Mama yako anajua unanipigia?"

Nikasikia kwato zikigonga sakafu nyuma yake.

"Ndiye kaniambia nikupigie," akasema mwishowe.

"Mpe simu."

"Daktari, tafadhali..."

"Mpe simu au nakata."

Ngoja niwaambie kwa nini. Siku walipokuja kwetu kuposa, shangazi zangu walikuwa wamepanga viti tangu asubuhi, mimi nimevaa gauni la kijani nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mama yake akaingia. Nikamwendea, nikamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alinusa hewa, akageuka kwa shangazi zangu, akasema, "Binti yenu ananuka usaha. Mwanangu hawezi kulala na harufu ya vidonda." Alisema hivyo mwanamke mwenye mabanda kumi na manane ya farasi! Na mwanawe, yule aliyeniapia mbingu na ardhi, alitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vipya, kamba ya kushoto imelegea. Hakusema neno hata moja. Waliondoka chai haijapoa.

Kwa hiyo sauti ya mama yake ilipokuja kwenye simu, nzito, imekauka, mimi nilikuwa tayari.

"Shikamoo mama."

Ilipita dakika nzima. Nikatazama kioo cha simu nikidhani imekatika.

"Marahaba," akasema.

"Nakuja," nikasema, nikakata, nikavaa buti la pili.

Mpango nilikuwa nao tangu zamani. Farasi nitamtibu kwa moyo wote, farasi hajanikosea. Lakini wale wawili nitawatoa jasho. Na yule kijana nitamwacha alainike, alainike kabisa, mpaka aniombe upya mbele ya mama yake. Hapo nitamjibu kwa neno moja nililolifanyia mazoezi mbele ya kioo mwaka mzima. Hapana. Jamani, nalitamka vizuri hilo neno, mpaka mwenyewe naliogopa.

Nikamtumia shangazi ujumbe kwamba nakwenda kule. Akajibu, "Usiende." Simu haijaingia mfukoni, ukaja mwingine: "Ukienda, jipake mafuta, usiende umepauka." Halafu wa tatu: "Ukirudi nipigie, usiniandikie. Nataka kusikia ilivyokuwa kwa mdomo."

Alinipokea getini mtunza farasi wao, mwanamume wa makamo, kipara, mdomo haufungi. Watu wote wa mabandani wanamwita Redio. Ukisema jambo mbele yake saa tatu, saa nne limefika kwa muuza nyasi.

"Daktari wetu!" akapaza sauti. "Umenenepa! Yaani umependeza! Na yeye amekonda, umesikia? Suruali zinamvuka. Mkanda kautoboa tundu mbili mpya, kwa msumari, mimi ndiye nilimshikia."

"Sikuuliza, Redio."

"Najua hukuuliza. Ndiyo maana nakwambia."

Mama na mwanawe walikuwa wamesimama mbele ya banda la tatu. Mama yake kavaa kanga safi juu ya gauni, mikono kaifumbata kifuani. Na yeye pembeni, ameshika kamba ya Chokaa. Kweli alikuwa amekonda. Alinitazama, akatazama chini, akanitazama tena, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu gunia zima. Nikajiambia, usimwangalie. Nikamwangalia. Nikajiambia, umemwangalia mara moja, inatosha. Nikamwangalia tena.

"Shikamoo mama," nikasema, wazi, Redio asikie.

"Marahaba," akajibu. Na Redio akasikia.

Nikachuchumaa kwenye mguu. Jamani! Kwenye muundi wa nyuma, upande wa mbele, chini kidogo ya goti, palikuwa na donge kubwa kama ngumi mbili, jekundu, lina matuta matuta kama nyanya iliyopasuka, limevimbia nje na kuning'inia. Juu yake kumeganda ungaunga wa kijivu. Usaha unachuruzika mpaka kwenye kwato.

"Mmempaka nini?"

"Dawa ya kuchomea vinyama," mama yake akasema. "Ya unga. Nampaka mwenyewe asubuhi na jioni. Nyama ikikua, naichoma."

"Mlimfunga bandeji?"

"Kidonda kinataka hewa."

"Na mchana mnamfungulia anakimbia uwanjani?"

Akajirekebisha kanga.

Nikasimama taratibu. Hapa ndipo nilipokuwa napangoja, wasomaji wangu, na sikuona aibu.

"Redio," nikaita. "Njoo. Nyama ya namna hii, nyie wa mabandani mnaiitaje?"

Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akafunga mdomo.

"Ah, daktari. Nyama tu. Tunaiita nyama."

"Mna jina lake. Mlinifundisha nyie wenyewe."

"Nimelisahau."

"Redio."

Akamtazama bosi wake. Akajikuna kipara. "Tunaiita mama mkwe," akasema kwa sauti ndogo kama ya panya.

"Kwa nini?"

"Daktari, nina watoto wanne."

"Sema kwa nini, wajue."

"Kwa sababu..." akameza mate, "kwa sababu inakuja kusaidia. Kidonda kikiwa na shimo, yenyewe ndiyo inaziba, nzuri tu, tunaifurahia. Halafu haiondoki. Inakaa, inanenepa, inajaa nyumba nzima, na ngozi ambayo ndiyo mwenye nyumba inakosa pa kupita."

Nilisikia mtu anakohoa kuficha kicheko. Alikuwa yeye, mwanawe. Mama yake akamgeukia, kikohozi kikafa.

"Ndivyo ilivyo," nikasema. "Ngozi mpya inatambaa kutoka pembeni, kidogo kidogo. Ikikuta ukuta huu inasimama. Na ile dawa yako, mama, kila ukichoma nyama unachoma na ngozi changa iliyokuwa inajitahidi kuingia. Nyama ikiona imechokozwa, inaota maradufu. Mguu wa farasi huku chini ndivyo ulivyo, hauna minofu, ngozi imebana, na ukichezacheza ndiyo kabisa. Ungeniita wiki ya kwanza ningemfunga bandeji nzuri tu, leo tungekuwa tunaongea mengine."

"Nisingeweza kukuita," akasema.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Najua. Nataka Redio ajue."

Uso wake ulibadilika. Nilidhani atanifukuza. Lakini Chokaa akageuza kichwa, akampumulia begani, na yule mama akamshika pua bila hata kutazama, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto barabarani. Huyu farasi ndiye wa mwisho aliyenunuliwa na marehemu mumewe. Kila mtu mabandani anajua kwamba asubuhi anakuja kuongea naye, akiwa peke yake, habari za nyumbani.

"Kwa sababu nilikutukana kwenu," akasema. "Haya. Amesikia. Sasa mtibu."

Nikafungua begi. Nikatoa glavu, nikazinyoosha kwake.

"Kwanza paoshwe. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu, unga wote utoke."

"Redio ataosha."

"Redio anaweza. Sitaki."

"Unanikomoa," akasema.

"Ndiyo mama. Nakukomoa."

Tukatazamana. Nzi alipita kati yetu.  Mama yake akachukua zile glavu, akazivaa kidole kimoja kimoja, akaja mguuni, akaanza kupiga magoti.

"Usipige magoti," nikamwambia. "Kwenye mguu wa farasi mtu anachuchumaa. Akistuka, uruke."

Ningetamani apige magoti, sidanganyi. Nililiota hilo. Lakini kazi hairuhusu.

Akachuchumaa. Akaosha. Usaha ukamwingia kwenye mkono wa gauni, ukadondokea kwenye kiatu. Hakukunja uso. Nilimvizia akunje, hakukunja. Aliosha vizuri, mshenzi yule, mkono mwepesi kuliko wangu. Nikakasirika zaidi.

Tukamwingiza Chokaa bandani, nikamchoma sindano ya kumtuliza. Baada ya muda kichwa kikamshuka, mdomo wa chini ukaning'inia kama mlevi kwenye kona ya baa.

"Wewe," nikamwambia yule kijana. Jina lake silitamki. "Shika kichwa. Usiachie hata ukiona nini."

"Nitaona nini?"

"Utaona."

Nilifunga mpira juu ya goti kupunguza damu, nikashika kisu. Hii nyama inakatwa kuanzia chini kwenda juu, maana ukianzia juu damu inakufunika, huoni unakata wapi. Nikakata. Na damu, hata na mpira ule, jamani, si mchezo. Ilitoka kama bomba la mtaani lililopasuka, ikachora mstari kwenye ukuta, ikanirukia kwenye aproni, ikajaa kwenye majani ya kulalia.

"Unamuua!" akapiga kelele.

"Shika kichwa!"

"Damu yote hiyo! Anaumia!"

"Mtazame masikio. Anaumia huyo?"

Akatazama. Chokaa alikuwa anasinzia.

"Nyama hii haina fahamu," nikasema, huku nakata. "Haina hata uzi mmoja wa maumivu. Inavuja sana, lakini haisikii chochote. Ukiona inavyomwaga damu utadhani ina moyo. Kuna watu wako hivyo."

 Kipande kikaanguka kwenye ndoo. Kipande cha pili. Mama yake alikuwa amekwenda bombani kubadilisha maji, Redio kamfuata na ndoo, tukabaki wawili na farasi wetu mlevi.

"Mimi niliumia," akasema taratibu.

"Hukusema."

"Nilikuandikia."

"Sikupata kitu."

"Sikutuma." Akatoa simu kwa mkono mmoja, mwingine kichwani kwa Chokaa, akaifungua, akanionyesha kwa mbali. Ujumbe juu ya ujumbe, wote kwangu, wote haujatumwa. Nilisoma mstari mmoja tu: *leo nimepita duka lililo karibu na kwenu mara tatu, mara ya tatu nikanunua sabuni nisiyoihitaji*.

Nikauondoa mkono mguuni nisimkate Chokaa pasipotakiwa.

"Kwa nini hukutuma?"

"Nilikuwa najua utaniuliza swali moja, na sina jibu lake."

"Swali gani?"

"Kwa nini nilinyamaza."

"Na mpaka leo huna?"

"Ninalo. Nilimwogopa." Akatazama kule bombani. "Baba alikuwa amekufa miezi miwili tu kabla. Nilifikiri nikimpinga na mimi, atavunjika. Nikaona wewe una nguvu, wewe utavumilia."

Hapo hasira ilipanda mpaka nikaona nyota. Sikiliza hiyo! Eti wewe una nguvu, wewe utavumilia! Ukiwa mwanamke unayejua kushika kisu, watu wanadhani hukatiki.

"Nililia wiki tatu," nikamwambia. "Nililia mpaka nikamtibu mbuzi wa watu kwa dawa ya kuku. Shangazi alilala na mimi kitanda kimoja kama mtoto. Halafu wewe ulikuwa unanunua sabuni."

"Nisamehe."

"Bado. Shika kichwa."

Nilimaliza kukata. Nikasawazisha nyama ikawa chini kidogo ya ngozi, nikaacha ule ukingo mwembamba wa rangi ya waridi, ngozi changa iliyobaki, nyembamba kama uzi wa kushonea. Sikuugusa. Nikakandamiza pamba mpaka damu ikatulia.

Mama yake akarudi. Nikamwonyesha kufunga: kwanza kitambaa laini kisichoshika kwenye kidonda, kisha pamba nene, kisha bandeji ya kuvutika, kuzunguka na kuzunguka, mkazo sawasawa toka kwato mpaka juu ya goti. Akakosea. Nikafungua. Akarudia. Ikalegea katikati. Nikafungua tena, bila neno. Mara ya nne ikakaa.

"Haijakubana?" akamuuliza Chokaa, si mimi. Kisha akaniuliza mimi, bila kunitazama. "Atapona?"

"Akitulia bandani, asikimbie. Bandeji ibadilishwe kila baada ya siku tatu. Ile nyama inaweza kurudi, nitaikata tena. Ule unga utupwe chooni leo. Ngozi kufunga kabisa ni miezi minne, ikienda vizuri."

"Utakuja mwenyewe?"

"Nitakuja mwenyewe."

Nikafunga begi. Nikaosha mikono. Nilikuwa nimemwona mama anachuchumaa, nimemsikia anakiri, Redio ana habari za mwezi mzima. Lilibaki moja. Nikaanza kutembea taratibu kuelekea getini, taratibu kabisa, ili mtu akitaka kuniita aweze.

"Subiri," akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa bado ameshika kamba ya Chokaa, shati lina damu.

"Nataka nikuoe," akasema. Lakini alilisema kifuani mwake, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai asiye na hakika kama ipo.

"Sijasikia," nikasema.

Na unajua alifanya nini? Alimtazama mama yake! Kama siku ile ile! Macho yale yale, ya kuomba ruhusa ya kupumua. Nilihisi kitu kinazimika ndani yangu, nikashika begi vizuri niondoke na nisigeuke tena maisha yangu yote.

Mama yake alikuwa bado amechuchumaa kwenye mguu wa Chokaa, nywele zimetoka kwenye kanga, mkono wa gauni umelowa. Akamtazama mwanawe kutoka kule chini, muda mrefu. Akaitazama ile bandeji. Akanitazama mimi na begi langu.

"Unaniangalia mimi wa nini?" akamfokea. "Mimi ndiye unayenioa? Sema kwa sauti, daktari hajasikia!"

Akasema. Jamani, alisema! Alipiga kelele mpaka farasi wa mabanda yote wakatoa vichwa nje, njiwa wakaruka juu ya bati, muuza nyasi akasimamisha mkokoteni barabarani. Alisema nataka nikuoe, alisema mimi ni mjinga, alisema nilipaswa kusimama pale kwenu niseme hata kama nyumba ingebomoka, akataja hata ile sabuni, na machozi yanamtoka kabisa, mwanamume mzima, mbele ya Redio.

Nikangoja amalize. Nikangoja na mwangwi uishe.

"Hapana," nikasema.

Lilitoka vizuri kuliko hata mbele ya kioo. Redio akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Mama yake akakaa chini kwenye majani yale yale yenye damu, puu, kama gunia.

Nami nikasubiri atazame viatu vyake.

Hakutazama viatu. Alinitazama mimi, usoni, machozi yote hayo hajayafuta.

"Nitakuja kukuuliza tena," akasema. "Kwa sauti hii hii."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho bandeji haifunguliwi," nikamwambia, nikasukuma geti. "Niulize Alhamisi."